Kutoka Msituni hadi Tana: Watu, Nyumba na Riziki Katika Mteremko wa Embu na Meru

Upande wa mashariki na kusini-mashariki wa Mlima Kenya, ardhi huteremka zaidi ya mita 1,000 kutoka ukingo wa msitu hadi bonde la mto Tana. Juu kuna baridi, mvua tele na majani chai. Chini yake huanza kahawa na migomba, kisha mahindi na maharagwe. Na hatimaye, katika nchi kavu ya Mbeere na Tharaka, mtama, ndengu, mbuzi na mizinga ya nyuki. Kanda zote hizi zimebanana kiasi kwamba jicho lililo juu ya mgongo mmoja huweza kuziona zote kwa pamoja. Ukaribu huo ndio uliowalinda wakazi kwa muda mrefu: mwaka wa ukame chini palikuwa na chakula juu, na mwaka wa baridi kali juu palikuwa na nafaka chini. Historia ya jamii za vijijini za Embu na Meru ni historia ya jinsi kinga hiyo ilivyojengwa, ikavunjwa kwa sheria na kwa nguvu, na jinsi kila kaya ilivyolazimika kujitafutia nyingine.

Walikotoka watu hawa husimuliwa kwa namna mbalimbali. Wameru husimulia kwamba babu zao waliishi Mbwaa, mahali penye maji pwani, chini ya watawala walioitwa nguo ntune, yaani watu wa nguo nyekundu, hadi walipovuka maji usiku na kukimbilia bara. Wanahistoria waliokusanya masimulizi hayo, Jeffrey Fadiman akiwa mmoja wao, huiweka safari hiyo mwanzoni mwa karne ya 18. Waembu nao humtaja Mwenendega, babu ambaye kichaka chake cha miti karibu na Runyenjes kinaheshimiwa hadi leo. Masimulizi hayalingani, lakini yote humleta msafiri mahali pamoja: ukingoni mwa msitu mkubwa, akiwa na shoka mkononi. Aliyefyeka ndiye aliyepata haki, na haki hiyo ikawa ya ukoo wake. Mito inayoshuka kutoka mlimani, kama Rupingazi, Thuci, Mutonga na Kathita, ilikata nchi vipande virefu, na kila mgongo katikati ya mito miwili ukawa makao ya koo zinazojuana.

Nyumba ya enzi hiyo ilikuwa ya mviringo, kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la nyasi na mlango mmoja wa chini uliomlazimu mgeni kuinama. Katikati palikuwa na mafiga matatu. Upande mmoja kulikuwa na kitanda cha mwenye nyumba, ambaye ni mke, na upande mwingine kizimba cha mbuzi walionenepeshwa humo humo ndani. Moshi ulikausha nyasi za paa na kufukuza wadudu. Kila mke alikuwa na nyumba yake na ghala lake la nafaka, na mume alikuwa na yake. Vijana waliotahiriwa walilala katika gaaru, nyumba kubwa ya mashujaa iliyolinda mgongo mzima. Hivyo mji wa mtu mmoja ulikuwa na nyumba nyingi, na hesabu ya nyumba ilionyesha hesabu ya wake na wingi wa akiba.

Riziki ilifuata mteremko. Jamaa alilima viazi vikuu, nduma na ndizi karibu na nyumbani, akawa na konde la wimbi au mtama chini zaidi, na mifugo yake ikalishwa kwenye nyika ya chini, mara nyingi kwa mkataba na rafiki wa huko. Vipande hivyo vilivyotawanyika havikuwa dalili ya kilimo kisicho na mpango. Ugonjwa, nyani au ukame haukuweza kuvila vyote kwa msimu mmoja. Mabaraza ya wazee, na juu ya yote Njuri Ncheke kwa Wameru, yaliamua migogoro ya mipaka, ng'ombe na damu, na maamuzi yao yalisimama kwa nguvu ya kiapo.

Miaka ya 1890 iliupima mpango huo kwa ukatili. Sotoka iliua ng'ombe, ndui ikaua watu, na kati ya 1897 na 1900 mvua zikakosekana katika sehemu kubwa ya Kenya ya kati na mashariki. Watu wa nchi kavu walipanda kuelekea mlimani kutafuta chakula, na Wakamba wengi walivuka Tana. Wengine walipokelewa kama ndugu wa kiapo, wengine wakawaacha binti zao mikononi mwa wenye nafaka. Ukoo fulani wa leo ukifuatiliwa hadi shina lake, huenda akakutwa mgeni aliyekuja na njaa akabaki kama mwana. Njaa hiyo iliacha migongo mingine ikiwa na watu wachache, na ni katika hali hiyo ya udhaifu Waingereza waliwakuta.

Msafara wa kijeshi uliiteka Embu mwaka 1906 na kituo cha serikali kikajengwa. Meru ilifuata kati ya 1907 na 1908, E. B. Horne alipofika na askari wake. Kilichofuata kilianza na hesabu. Kodi ilitozwa kwa kila nyumba, na kwa mtu mwenye wake watatu hii ilikuwa na maana ya kodi tatu. Nyumba, iliyokuwa dalili ya baraka, ikageuka mzigo, na familia zikaanza kubanana chini ya paa moja. Fedha za kodi hazikupatikana kijijini, kwa hiyo vijana walishuka kwenda kutafuta kibarua katika mashamba ya walowezi na mjini. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, maelfu ya wanaume wa Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, wakiwemo wa huku, na wengi hawakurudi. Homa kuu ya 1918 iliwakuta waliobaki.

Pamoja na serikali zilikuja misheni. Waanglikana wa CMS walifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wakatoliki wa Consolata walifika Meru mwaka 1911, Wamethodisti wakajenga Kaaga mwaka uliofuata, na mwaka 1922 daktari Clive Irvine wa misheni ya Uskoti akafungua kazi huko Chogoria. Kando ya shule na dawa, misheni zilileta aina mpya ya makao. Msomi aliyebatizwa alijenga nyumba ya pembe nne yenye dirisha, akalala humo na mke mmoja na watoto, na mbuzi wakatolewa nje. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupita njiani na kujua dini ya mwenye mji kwa kutazama kona za nyumba yake.

Kati ya vita viwili vya dunia, mteremko ulianza kufungwa kutoka pande zote. Embu na Meru hazikupoteza ardhi kwa walowezi kama Kiambu ilivyopoteza, ila Timau, upande wa kaskazini wa mlima, iliangukia mikononi mwa Wazungu, na mipaka ya koo ikageuzwa mipaka ya hifadhi za wenyeji. Mwaka 1932 msitu wa Mlima Kenya ulitangazwa kuwa hifadhi ya serikali. Shoka, ambalo kwa vizazi vingi ndilo lililotoa haki ya ardhi, likawa chombo cha kosa. Tangu siku hiyo kijana aliyeoa hakuwa na msitu wa kufyeka; alikuwa na sehemu ya shamba la baba yake tu.

La kushangaza ni kwamba watawala wa miaka hiyo waliogopa upungufu wa watu, wala si wingi wao. Maofisa wa wilaya ya Meru waliamini kwamba idadi ya watu haiongezeki ipasavyo, na wakaulaumu utoaji mimba kwa wasichana waliobeba mimba kabla ya jando la kike. Dawa yao ikawa kulazimisha wasichana watahiriwe mapema, kabla ya kubaleghe. H. E. Lambert, mkuu wa wilaya aliyeijua sana Njuri Ncheke na kuitambua rasmi, alikuwa miongoni mwa walioyashughulikia mambo haya. Idadi ya watu, iliyokuwa shauri la mama, mkunga na ukoo, ikawa shauri la ofisi, na ofisi haikuliachia tena.

Katika miaka hiyo hiyo mbegu ya utajiri mpya ilipandwa. Walowezi walikuwa wamepinga kwa miaka mingi Mwafrika kulima kahawa, wakidai atasambaza magonjwa ya mmea. Hofu yao nyingine ilikuwa kukosa vibarua. Mwaka 1933 serikali iliruhusu majaribio Kisii, Embu na Meru, na katikati ya miaka ya 1930 miche ya kwanza ikapandwa chini ya uangalizi mkali, idadi yake ikiwa imewekewa kikomo. Mti wa kahawa huchukua miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa na hudumu miongo. Aliyeupanda hakuweza tena kukubali kwamba shamba lake lihamishwe kesho kwa uamuzi wa wazee. Mmea wa kudumu ulidai mwenye kudumu, na hoja ya ardhi ya mtu binafsi ilianza kunong'onwa kabla serikali haijaitangaza.

Hoja hiyo ilitangazwa katikati ya vita vya Mau Mau. Hali ya hatari ilianza Oktoba 1952, na Waembu na Wameru waliwekwa kundi moja na Wakikuyu katika amri, vizuizi na vibali. Mwaka 1954 na 1955 watu wa migongo walitolewa kwenye miji yao iliyotawanyika na kuingizwa katika vijiji vya lazima. Katika maeneo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa jumla, zaidi ya watu milioni moja waliwekwa katika vijiji zaidi ya 800. Nyumba zilijengwa kwa mistari, karibu karibu, na kuzungukwa na handaki lenye vijiti vilivyochongwa. Kambi ya walinzi ilisimama juu ya kilima, na amri ya kutotoka nje ilianza jua lilipotua. Nyumba za zamani zilichomwa. Wanawake, kwa kuwa wanaume wengi walikuwa kizuizini, msituni au makaburini, ndio waliojenga vijiji hivyo na kuchimba mahandaki ya ukingo wa msitu kwa kazi ya lazima. Huko Mwea, iliyokuwa wakati huo sehemu ya wilaya ya Embu, wafungwa wa kisiasa walichimba mifereji ya skimu ya mpunga iliyoanzishwa mwaka 1954. Musa Mwariama, jemadari wa Mau Mau kutoka Meru, hakutoka msituni hadi uhuru ulipofika mwaka 1963.

Watu walipokuwa wamefungiwa vijijini, ardhi yao ilipimwa upya. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulitaka vipande vilivyotawanyika vikusanywe pamoja, kila mtu apewe shamba moja lenye hati, na kahawa, chai na ng'ombe wa gredi viingizwe. Mpango wenyewe haukuficha kwamba wenye bidii na mali wangepata zaidi na wengine wangekosa. Kamati za wazee zilisikiliza madai, zikajumlisha vipande vya kila mtu, na kumkatia eneo moja, mara nyingi utepe mwembamba unaoteremka kutoka barabara ya mgongo hadi mtoni. Hati iliandikwa kwa jina la mwanamume. Mke aliyelima, mjane aliyehifadhiwa na ukoo, na mpangaji aliyekaribishwa kwa kiapo walibaki nje ya karatasi. Aliyekuwa na konde juu na jingine chini alichaguliwa moja. Kinga ya karne mbili ikaishia katika daftari la msajili.

Mwisho wa miaka ya 1950 vijiji vilianza kuvunjika, na kila mwenye hati akaenda kujenga katika shamba lake. Wasio na ardhi walibaki, na baadhi ya masoko madogo ya leo yalianzia katika mistari hiyo ya nyumba. Ramani inayoonekana sasa, ya nyumba moja moja iliyosimama katikati ya mimea yake, ilichorwa wakati huo.

Uhuru ulikuja na mipaka mipya na fedha mpya. Kirinyaga ilitengwa na Embu mwaka 1963, na mji wa Embu ukawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na ukanda wa juu, uliokuwa maskini kwa baridi yake, ukawa ukanda wa kipato cha kila mwezi na bonasi ya kila mwaka. Katikati, vyama vya ushirika vilijenga viwanda vya kuoshea kahawa kando ya kila mto. Julai 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, na bei ya dunia ikapaa hadi 1977. Mavuno ya miaka hiyo miwili yanaonekana bado: nyumba za mawe, mabati yaliyochukua mahali pa nyasi, shule za harambee, na wasomi wa kwanza wa chuo kikuu katika koo nyingi. Walioshindwa kujenga kwa mawe walijenga kwa mbao. Miti ya grevilia, iliyoletwa kutoka Australia ili kuipa mimea kivuli, ilipandwa mipakani mwa mashamba, ikapasuliwa mbao, na nyumba ya mbao yenye paa la mabati ikawa sura ya kawaida ya mteremko.

Nchi ya chini ilipata fungu tofauti. Mbeere ilipimwa na kugawanywa chini ya Sheria ya Upimaji Ardhi ya 1968, na koo zilizokuwa zimeanza kufifia zilifufuka ili zidai mashamba mahakamani, kesi nyingine zikidumu kwa miongo. Wenye fedha kutoka juu walinunua huko. Wakati huo huo Tana ilizibwa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Familia zilihamishwa kupisha maji, na nyaya za umeme zikapita juu ya nyumba zilizowasha koroboi kwa miaka mingi baadaye.

Idadi ya watu nayo ilipanda kwa kasi ambayo maofisa wa miaka ya 1930 wasingeiamini. Wakenya walikuwa milioni 5.4 mwaka 1948 na milioni 15.3 mwaka 1979. Utafiti wa 1977 na 1978 ulionyesha mwanamke wa Kenya akizaa kwa wastani karibu watoto wanane. Nchi ilikuwa imetangaza mpango wa uzazi mwaka 1967, lakini ofisi peke yake haikuubadilisha mteremko. Katika eneo la Chogoria, hospitali ya misheni ilituma wahudumu wa jamii nyumba kwa nyumba, majirani wakifundisha majirani, na matumizi ya njia za uzazi yakapanda huko mapema kuliko sehemu nyingi za Kenya. Elimu ya wasichana ilisaidia, na hesabu ya shamba ikasaidia zaidi. Baba mwenye ekari nne na wana sita aliona mwenyewe, bila kuambiwa na daktari, kwamba mgawanyo hautoshi.

Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliolinda bei ya kahawa ulivunjika. Malipo yalichelewa, madeni ya ushirika yakakua, na wakulima wakaiacha mikahawa ikauka au wakaing'oa usiku, kwa kuwa sheria ilikataza kuing'oa. Mahali pake yalikuja maziwa, ndizi, makadamia, parachichi na, zaidi ya yote, miraa. Katika milima ya Nyambene, Igembe na Tigania, miraa ni ya kale, na kuna miti iliyorithiwa vizazi kadhaa. Vijiti vichanga huchumwa alfajiri, hufungwa kwa majani ya mgomba, na magari huondoka Maua kwa mwendo wa hatari, kwa kuwa utamu wake haudumu zaidi ya siku mbili hivi. Katika nchi kavu ya Mbeere, muguka, aina ya miraa, ulifanya kazi hiyo hiyo na kuzipa ekari za jua thamani ambazo pamba haikuwahi kuzipa. Lakini zao hili huendeshwa na milango ya wengine. Uholanzi iliufunga wake mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, Somalia ikaufunga kati ya 2020 na 2022, na mwaka 2024 kaunti za pwani zikajaribu kuuzuia muguka.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 608,599 katika kaunti ya Embu, 1,545,714 Meru na 393,177 Tharaka-Nithi. Ikilinganishwa na 2009, Embu ilikuwa imeongezeka kwa takriban asilimia 18, Meru kwa 14 na Tharaka-Nithi kwa chini ya 8, huku nchi nzima ikiongezeka kwa asilimia 23. Kaya ya kawaida ya Embu ilikuwa na watu watatu na kitu. Kupungua huku kwa mwendo kuna sababu mbili: watoto wanaozaliwa ni wachache, na waliozaliwa huondoka. Nairobi, Thika, Mombasa na Nanyuki zina mitaa yenye lafudhi za mteremko huu, na vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru huwapeleka wengine mbali zaidi.

Shamba la ekari moja na nusu katika ukanda wa kahawa, mahali kama Kyeni au Mwimbi, linaonyesha jumla ya yote haya. Karibu na lango ipo nyumba ya mawe iliyoanza kujengwa kwa fedha za mtoto aliye mjini, na nyuma yake nyumba ya mbao ya mama, ambayo ndiyo yenye jiko. Ng'ombe wawili hawajawahi kutoka bandani. Nyasi za nepia huletwa kwao. Mikahawa michache imebaki, kwa kuwa bei imeanza kuinuka, ikiwa imechanganywa na ndizi na makadamia. Kijana mmoja anaendesha bodaboda na kulipa kodi ya kipande cha ardhi huko chini Mbeere, anakolima ndengu. Kaburi la babu lipo katikati ya shamba, na kila mgao unaopendekezwa lazima ulizunguke. Hati bado ina jina la babu huyo, kwa maana gharama na ugomvi wa kurithisha vimewafanya wanawe waishi kwa mapatano ya mdomo.

Kukodi shamba la chini, kutuma mtoto mjini, kuchanganya mazao saba katika ekari moja: haya yote ni kazi ileile iliyofanywa na makonde yaliyotawanyika ya karne ya 18. Sheria ya miaka ya 1950 iliamini kwamba mkulima aliyefungwa mahali pamoja angetajirika, na wengine walitajirika kweli. Wengi waliobaki wameufungua tena mteremko kwa njia zao, na sasa unafika hadi Nairobi. Kilichobadilika ni mwenye mamlaka juu yake. Zamani ukoo ulijua nani ana haki wapi, akiwemo mjane na mgeni. Leo haki hiyo iko katika hati ya mtu mmoja, aghalabu marehemu. Katiba ya 2010 imeimarisha haki sawa ya binti ya kurithi, na dai lake linakuja wakati shamba limekwisha kugawanyika. Sensa ijayo itahesabu nyumba na watu kwa uangalifu. Hatima ya migongo hii, hata hivyo, itaamuliwa katika ofisi za ardhi za Embu, Chuka na Meru, na jina litakaloandikwa pale ambapo sasa pana la babu.